Deni la Dutumi kwa Mkulima wa Kambi ya Simba

Karatasi ya kuuziana shamba kule Dutumi, kata ya Kibaha Vijijini iliyo upande wa kuelekea Kisarawe, haina makuu. Mara nyingi ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule. Anaandikwa muuzaji, anaandikwa mnunuzi, zinatajwa ekari, kisha mwandishi anazunguka pande nne: kaskazini limepakana na shamba la fulani, kusini bonde, mashariki njia, magharibi shamba la marehemu fulani. Mikorosho na miembe inahesabiwa mmoja mmoja. Mashahidi wa pande zote mbili wanatia saini, asiyejua kuandika anachovya dole gumba kwenye wino, na muhuri wa kijiji unagongwa chini. Biashara imekwisha.

Hapo hakuna hati iliyotoka wizarani. Muuzaji huenda alirithi kwa baba yake, na baba naye alifyeka pori zamani hizo. Hata hivyo kila aliyesimama pale, dalali akiwemo, anaamini kwamba kinachouzwa ni mali, na kwamba serikali ikikitaka kwa ajili ya barabara au nguzo za umeme italazimika kulipa. Imani hiyo ina mguu wa kisheria wa kusimamia, na aliyeuweka ni mkulima wa mbali kabisa na Pwani, aitwaye Lohay Akonaay. Tafuta vijiweni, kuanzia Dutumi hadi Mlandizi, uone ni wangapi wanalijua jina hilo.

Marekani walio katika nafasi ya Akonaay hawasahauliki hivyo. Ernesto Miranda alikuwa mshtakiwa wa kawaida tu huko Arizona, lakini tangu Mahakama ya Juu ya Marekani itoe hukumu yake mwaka 1966, polisi wa nchi ile anayetaka kumhoji mtu aliyemkamata hana budi kumwambia kwanza kwamba ana haki ya kunyamaza na kuwa na wakili. Maneno hayo yameingia kwenye sinema, na sinema zimefika mpaka kwenye vibanda umiza vya Mlandizi. Kijana anayelipa kiingilio kutazama filamu ya polisi wa Los Angeles anaijua haki ya Miranda kuliko anavyozijua haki zake mwenyewe ambazo majaji wa Tanzania walizitetea. Si kosa lake. Hakuna aliyemsimulia.

Na kisa cha Akonaay kinasimulika. Yeye na mwanawe, Joseph Lohay, walikuwa wakulima wa kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, ambayo siku hizo ilikuwa wilaya ya Mbulu na leo iko Karatu. Mwaka 1987 walifungua shauri mahakamani kudai kipande cha ardhi walichokuwa wakikimiliki kimila. Wakashinda, aliyekikalia akaondolewa, wakarudi shambani kwao. Aliyeshindwa akakata rufaa, jambo la kawaida. Jambo lisilo la kawaida lilitokea rufaa hiyo ikiwa bado inasubiri: Bunge likatunga Sheria Namba 22 ya mwaka 1992, ikaanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo.

Sheria hiyo ilifuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya. Ilikataza kuwalipa fidia waliofutiwa. Ilizuia mahakama kupokea madai ya aina hiyo, ikakatisha kesi zilizokuwa zikiendelea, na kama hiyo haitoshi, ikapiga marufuku kutekeleza hukumu ambazo tayari zilikuwa zimetolewa. Baba na mwana walikuwa wameshinda kesi, na ushindi wao ukafutwa bungeni, mbali na Kambi ya Simba.

Walikwenda Mahakama Kuu Arusha, wakamkuta Jaji Eusebia Munuo, naye akaona sheria hiyo inagongana na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 21 Desemba 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, akiwa na majaji Makame na Ramadhani, ikatoa hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini huisoma na karibu hakuna mkulima anayeisikia.

Hoja ya serikali ilikuwa kwamba ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Rais, kwa hiyo mwenye haki ya kimila hana mali ya kulindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Nyalali aliigeuza hoja hiyo kichwa chini miguu juu. Rais, alisema, ameishika ardhi kama mdhamini tu kwa niaba ya wenyeji wake, na mdhamini hawezi kuitumia amana apendavyo kwa kuwaumiza walioiweka. Haki ya kimila ni mali. Ingekuwa si mali, aliongeza, Watanzania walio wengi wangekuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe. Kisha akafika kwenye fidia, na hapa ndipo mtu wa Dutumi angetega sikio: hata pale ambapo hakuna nyumba wala miti ya kudumu, aliyeitolea ardhi jasho lake anastahili fidia ya haki akinyang'anywa. Kufyeka pori ni jasho. Kung'oa visiki ni jasho.

Hukumu haikurudisha kila shamba kwa kila mtu, na ni vyema kulisema hilo. Miaka mitano baadaye ilikuja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, iliyoziweka haki za kimila kwenye maandishi na kuzipa hadhi sawa na hati za mjini. Lakini sheria hiyohiyo, kwenye kifungu cha 15, ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya Januari 1970 na Desemba 1977, miaka ya operesheni. Aliyehamishwa kutoka kwenye mikorosho ya babu yake akapewa kiwanja kando ya barabara hakufunguliwa mlango wa kurudi kumtoa mwenzake aliyepewa mikorosho ile. Huenda hilo lilikuwa busara. Vijiji vya mkoa wa Pwani vingewaka moto.

Inashangaza zaidi kwamba kesi kama hii ingeshindikana kabisa miaka kumi nyuma. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, viongozi wake walikataa kuweka sura ya haki za binadamu kwenye Katiba. Walihofia kwamba majaji, ambao wengi wao walikuwa Waingereza, wangeitumia kuikwamisha serikali changa. Sura hiyo iliingia mwaka 1984, kwenye mabadiliko ya tano ya Katiba ya 1977, na hata hapo serikali ikajipa miaka mitatu ya kupumua: hakuna mwananchi aliyeruhusiwa kwenda mahakamani kudai haki hizo hadi Machi 1988. Muda huo ulikuwa wa kuzisafisha sheria mbaya. Hazikusafishwa. Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu vyama vingi mwaka 1991, ilimaliza kazi yake ikiwa na orodha ya sheria 40 kandamizi.

Kwa hiyo mlango ulipofunguka, waliokuwa nje wakisubiri walikuwa wengi, na wachache sana kati yao walikuwa wanasiasa au wasomi. Kule Kagera, Holaria Pastory alikuwa amerithi shamba kwa baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akamshtaki, kwa kuwa mila ya Kihaya ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo ingawa mwanamume aliweza. Februari 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alisema kuwa mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya Katiba inayokataza ubaguzi. Kule Musoma, mtuhumiwa aitwaye Daudi Pete alinyimwa dhamana kwa sababu tu ya aina ya kosa aliloshtakiwa nalo. Mwalusanya huyohuyo akampa haki, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba kifungu kile cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ni wavu mpana mno, unaonasa wahalifu hatari pamoja na wasio na hatia.

Mwalusanya anastahili makala yake peke yake. Mwaka 1994, akiwa Dodoma, alitamka kwamba hata adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, kisha ikaiacha ibaki kwa maelezo kwamba Katiba inaruhusu haki kubanwa kwa maslahi ya umma. Ipo kwenye vitabu hadi leo.

Kukutia Ole Pumbun na mwenzake wao walitaka tu kuishtaki serikali. Sheria iliwaambia kwamba kwanza waombe ruhusa ya maandishi kwa Waziri, yaani kwa serikali ileile waliyotaka kuishtaki. Ilikuwa kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilikifuta kifungu hicho, na mwaka uliofuata Bunge likaweka sharti jipya: hakuna tena kuomba ruhusa, lakini toa notisi ya siku 90 na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Anayeona kuwa hilo ni dogo ajiulize mkazi wa Dutumi anafikaje Mahakama Kuu, na kwa nauli ya nani.

Ukiziweka hukumu hizi pamoja utagundua kwamba kuna msomaji mmoja aliyezisoma kwa makini kuliko wote, naye ni serikali. Kila hukumu nzito ilipotoka, wanasheria wake waliichambua mstari kwa mstari, wakajua ni neno gani limewaangusha, wakarudi bungeni na muswada. Mwananchi hakuisoma. Matokeo yake ni mchezo wa upande mmoja: mshindi hajui kuwa ameshinda, aliyeshindwa anajua hasa alipoteleza.

Mfano mkubwa ni wa Mchungaji Christopher Mtikila. Tarehe 24 Oktoba 1994, miezi miwili tu kabla ya hukumu ya Akonaay, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma alimpa ushindi katika mambo mawili. La kwanza, wananchi wasilazimike kuomba kibali cha kufanya mkutano wa hadhara. La pili, mtu aweze kugombea uongozi bila kupitia chama. Kuhusu mikutano, sheria ilibadilishwa kutoka kibali kuwa taarifa kwa polisi, ingawa miaka ya baadaye ilionyesha kwamba taarifa nayo inaweza kugeuzwa kibali: mikutano ya vyama ilizuiwa mwaka 2016 na zuio likaondolewa Januari 2023, kwa tamko la Rais na si kwa amri ya mahakama.

Kuhusu mgombea binafsi, Bunge halikungoja. Desemba 1994 lilipitisha mabadiliko ya kumi na moja ya Katiba, likaandika ndani ya Katiba yenyewe kwamba mgombea lazima awe mwanachama wa chama na adhaminiwe nacho. Mtikila akarudi mahakamani. Mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu walimpa ushindi tena. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 17 Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema suala hilo ni la kisiasa na Bunge ndilo lenye kuliamua.

Ramadhani alikuwa mmoja wa majaji watatu wa kesi ya Akonaay. Jopo alilokaa mwaka 1994 lilisema Bunge haliwezi kumfutia mkulima shamba lake kwa kalamu. Jopo aliloliongoza mwaka 2010 likasema kalamu hiyohiyo inaweza kumfutia raia nafasi ya kugombea bila chama. Tofauti ya kisheria ipo, na mawakili wataitaja upesi: ile ya 1992 ilikuwa sheria ya kawaida, hii ya 1994 ilikuwa Katiba yenyewe imebadilishwa. Lakini Mahakama ya Juu ya India ilishakutana na swali hilo mwaka 1973, ikasema Bunge linaweza kubadili Katiba bila kubomoa nguzo zake. Majaji saba wa Tanzania waliiona njia hiyo, hawakuifuata. Kwa hukumu ile walilipa Bunge silaha ambayo sheria ya kawaida haina: ukishindwa mahakamani kwa sababu ya Katiba, ibadili Katiba.

Mtikila hakunyamaza. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Arusha, ilimpa ushindi wa tatu. Hakuwahi kuutumia. Alifariki Oktoba 2015 kwa ajali ya gari eneo la Msolwa, Chalinze, katika mkoa huuhuu wa Pwani, uchaguzi mkuu wa mwaka huo ukiwa umebakiza wiki chache, na fomu za kugombea zikiwa bado zina nafasi ya chama tu. Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi zake kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Kuna jibu jingine la serikali ambalo halihitaji muswada: kukaa kimya. Julai 2016 Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwanaharakati Rebeca Gyumi, ikasema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana wa miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, kuolewa vinavunja Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine.

Ni haki kuuliza kama Wamarekani wanafanya vizuri zaidi. Si mara zote. Mwaka 2005 Mahakama yao ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, iliruhusu mji wa New London, Connecticut, uchukue nyumba ya muuguzi Susette Kelo ili kupisha mradi wa maendeleo uliopangwa jirani na kituo cha utafiti cha kampuni ya dawa ya Pfizer. Nyumba ikahamishwa. Mwaka 2009 Pfizer ikatangaza kuondoka mjini hapo, na kiwanja kilichopiganiwa miaka yote hiyo kikabaki majani kwa muda mrefu. Lakini kilichofuata ndicho cha kutazamwa. Wananchi walikasirika, jina la Kelo likawa gumzo, na majimbo zaidi ya 40 yakabadili sheria zao kumlinda mwenye nyumba. Mama yule alishindwa mahakamani, akashinda kwenye mabunge, kwa sababu watu waliijua kesi yake.

Sasa rudi Pwani, wilaya ya Kisarawe. Mwaka 2009, kampuni ya Kiingereza iitwayo Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 kwenye ardhi ya vijiji 11 vya wilaya hiyo, kwa mkataba wa miaka 99, ili kupanda mibono ya mafuta ya mitambo. Vijiji viliahidiwa ajira, visima na zahanati. Mwaka 2011 shughuli zikasimama, mamia ya wafanyakazi wakaachishwa kazi, na mradi ukapita mikononi mwa wengine. Ardhi nayo ilikuwa imeshahamishwa kutoka kundi la ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, na safari hiyo haina tiketi ya kurudi kwa urahisi. Ni kisa cha New London kilichohamia kwenye miembe. Hakuna jimbo lililobadili sheria, hakuna jina lililobaki midomoni mwa watu. Wapo Wazaramo wa vijiji hivyo walioridhika na fidia na wapo waliolalamika kuwa ni kiduchu, ila mabishano mengi yalihusu kiasi cha fedha, wakati Akonaay alikuwa amewaachia swali kubwa zaidi la kuuliza: mdhamini anapoigawa amana kwa miaka 99, anamnufaisha nani?

Sababu moja ya ukimya huu ni lugha. Hukumu zote zilizotajwa hapa ziliandikwa kwa Kiingereza, zikafungiwa kwenye vitabu ambavyo mtendaji wa kata hana. Februari 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Mwezi huohuo Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa ameandika hukumu kwa Kiswahili katika kesi ya mgodi wa North Mara, alipandishwa kwenda Mahakama ya Rufani. Makofi yalipigwa. Yaliyoandikwa kabla ya hapo yalibaki yalipo. Kama Mahakama inaona fahari ya Kiswahili, kurasa mbili tatu za muhtasari wa hukumu ya Akonaay, kwa lugha ya kueleweka, zilizobandikwa kwenye kila ofisi ya kijiji kuanzia Dutumi hadi Mzenga, zingegharimu kidogo kuliko posho ya semina moja.

Haja yenyewe inakua. Bandari kavu ya Kwala na reli ya SGR ziko wilaya hiihii ya Kibaha, na madalali wanajua kusoma ramani. Wafugaji na wakulima wanagombea malisho na mabonde. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema eneo lisilozidi hekta 250 haliwezi kuhamishwa mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali, na ukikataa imekwisha. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo tu na Waziri anaamua. Mjumbe asiyeijua tofauti hiyo atapiga kelele mahali asipo na kura na atanyamaza mahali alipo nayo.

Na kwa ugomvi mdogo, wa mpaka au wa urithi, njia imebadilika pia. Tangu 2021 Baraza la Kata halihukumu tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu. Wanaogombana wanakaa kwenye benchi mbele ya wazee, kila mmoja akipima kama akubali nusu ya alichotaka au akaze. Anayejua kwamba jasho la baba yake ni mali inayotambuliwa na Katiba atakaza kwa sababu. Asiyejua atakubali chochote ili yaishe. Siku 30 zikipita bila suluhu, mgogoro unahamia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Kibaha, ambako upande wenye fedha hufika na wakili.